Huru si bure: msimu tuliotafuta kipa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na baadhi yenu mmeuliza kama nimehama au nimeugua. Sijahama wala sijaugua. Nimekuwa nikipanga madaftari ya msimu uliopita wa timu yetu ya mtaa, na humo nikakutana na jambo ambalo nimeona niliandike kabla sijalisahau. Mliozoea kusoma hapa habari za hifadhidata na programu za simu mnivumilie. Hesabu zimo, programu imo, na hitilafu imo pia, ila safari hii hitilafu ilikuwa kwangu mimi.

Mnajua naishi Garissa na kazi yangu ni kuandika programu. Jioni mimi ni katibu wa timu, maana yake ndiye ninayebeba daftari na ndiye ninayelaumiwa. Ligi yetu ni ndogo, ya mji, si ile ya shirikisho. Hakuna mikataba, hakuna mishahara. Mshindi hupata kombe na seti ya jezi, na mtaa mzima hulala kwa kelele.

Msimu uliopita kipa wetu alipata kazi Nairobi kabla ligi haijaanza. Tukamvalisha glavu beki wetu wa kushoto. Kwa nini beki? Kwa sababu hapa kila kijana anataka kuwa mshambuliaji. Ukiuona uwanja wetu utaelewa: mchanga juu, changarawe chini, na pembeni miti ya mathenge inayodondosha miiba hadi ndani ya eneo la hatari. Mipira mingi tumeizika kwa miiba hiyo. Nani atajitupa hapo kwa hiari yake? Basi makipa ni wachache kama mvua, na washambuliaji ni wengi kama vumbi.

Baada ya mechi 14 tulikuwa tumefungwa mabao 28. Zilibaki mechi 12, na bado tulikuwa na nafasi ya kombe. Ndipo zikaja njia mbili.

Njia ya kwanza ilitoka Madogo, ng'ambo ya daraja la mto Tana. Timu ya huko ilikuwa na makipa wawili wazuri na haikuwa na mfungaji. Wakatutumia ujumbe: tupeni mshambuliaji wenu, nasi tuwape kipa mmoja. Mtu kwa mtu, bila shilingi.

Njia ya pili ilikuwa wachezaji huru, yaani makipa wasio na timu. Niliwapata wawili. Mmoja alikuwa amerudi nyumbani baada ya kucheza Nairobi. Wa pili alikuwa kijana wa kambi ya Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, kama kilomita 100 kutoka hapa.

Wenye kufuatilia soka kubwa watasema kubadilishana mtu kwa mtu si jambo la kawaida. Kweli, katika soka mara nyingi mtu hubadilishwa kwa fedha. Mfano mkubwa wa mtu kwa mtu ninaoukumbuka ni Januari 2018, Alexis Sánchez alipokwenda Manchester United na Henrikh Mkhitaryan akaenda Arsenal. Sánchez alifunga mabao 5 tu pale Manchester, na Mkhitaryan naye hakutamba London. Kila klabu ilidhani imempunja mwenzake.

Lakini uko mchezo ambao kubadilishana ni chakula chake cha kila siku, nao ni besiboli ya Marekani. Huko kuna mrushaji anayeanza mechi. Huyu ndiye anayerusha mpira kwa wapinzani ili wausindwe kuupiga, na mechi huweza kusimama au kuanguka mikononi mwake, kama ilivyo kwa kipa. Hutumika karibu mara moja kila siku 5, kwa hiyo timu huhitaji warushaji kadhaa, na wazuri hawatoshi. Timu ikipungukiwa huanza ubishi uleule kila mwaka: tutoe vijana wetu tupate mrushaji wa timu nyingine, au tuchukue mmoja wa wale waliomaliza mikataba? Niliposoma ubishi huo niliona ni wetu kabisa, tofauti ni joto na vumbi.

Kutoka kwa watu wa besiboli nilichukua wazo moja ambalo naona linafaa hata nje ya michezo. Michael Lewis alizisambaza hesabu zao kwa watu wa kawaida mwaka 2003 katika kitabu chake Moneyball, kuhusu timu ya Oakland iliyokuwa na fedha kidogo na hesabu nyingi. Hesabu za namna hiyo humpima mchezaji kwa kumlinganisha na mbadala, yaani yule unayeweza kumpata bila kutoa kitu. Mshambuliaji anayefunga mabao 10 ana thamani gani ikiwa kijana wa benchi angefunga 8? Thamani yake ni 2. Na kipa wa kawaida ana thamani gani ikiwa mbadala wake ni beki wa kushoto? Kubwa kuliko unavyodhani. Kwa hiyo usilinganishe mtu na mtu. Linganisha pengo na pengo.

Haya, tukae kwenye hesabu. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya simu. Kijana mmoja hukaa nyuma ya goli na kubonyeza kila mkwaju unaolenga lango: umeokolewa au umeingia. Basi. Beki wetu alikuwa amepigiwa mikwaju 70, akaokoa 42. Hiyo ni asilimia 60. Kipa wa Madogo, katika mechi tulizomtazama, alipigiwa 40 akaokoa 28, asilimia 70. Kijana wa Hagadera nilimhesabia mwenyewe kwenye bonanza la vijana huko Dadaab: mikwaju 30, akaokoa 20, karibu asilimia 67.

Tunapigiwa mikwaju 5 kwa mechi. Mechi 12 ni mikwaju 60. Kipa wa Madogo angetuokolea mabao 6 zaidi ya beki. Lakini tungempoteza mshambuliaji, ambaye hufunga bao moja kila mechi mbili. Mbadala wake nilimkadiria bao moja kila mechi tatu, hivyo kwa mechi 12 tungepoteza mabao 2. Sita toa mbili ni nne. Kijana wa Hagadera angetuokolea mabao 4, na mshambuliaji angebaki. Nne kwa nne! Nilihesabu tena nikidhani nimekosea. Hapana, ilikuwa sare.

Mnauliza yule wa tatu, wa Nairobi? Huyo alitolewa na mjomba wangu. Abti wangu ni dalali wa mifugo pale soko la ng'ombe, na hajui besiboli. Nilipomweleza akaniuliza swali moja tu.

"Kwa nini hana timu?"

"Mkataba uliisha, abti."

"Ng'ombe wa maziwa mengi haletwi sokoni bila sababu. Mtazame miguu."

Tulimtazama. Goti lilikuwa limeumia na alikuwa analificha, maskini, kwa sababu alitaka sana kucheza. Sikumlaumu. Lakini nilijifunza kwamba ukimchukua mtu kutoka timu nyingine unajua hasa unachotoa, ilhali ukichukua mchezaji huru unalipa kwa yale usiyoyajua. Hata klabu kubwa haziponi kwa goti na bega. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa na kipa wake kutoka Morocco, Ayoub Lakred. Alipoumia mwaka 2024 ilibidi wamtafute mwingine haraka, wakamleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea.

Tukabaki na wawili waliolingana. Nikafanya kama mwanaprogramu yeyote: jibu likigoma, ongeza safu.

Safu ya kwanza niliyoongeza ilikuwa ya kufika uwanjani. Kwa kipa wa Madogo niliandika mto. Aliyekuwa hapa Novemba 2023 anakumbuka maji ya Tana yalivyoikata barabara upande wa Mororo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Lakini mafuriko si ya kila mwaka. Kwa kijana wa Hagadera niliandika kibali. Mkimbizi aliyesajiliwa kambini, msimu ule kama miaka yote iliyotangulia, hakuweza kuamka tu akapanda gari kuja Garissa. Alihitaji karatasi yenye sababu, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Alikuwa akija mjini kwa kozi ya kompyuta, kwa vipindi. Nilikadiria angekosa mechi 4 kati ya 12. Mabao yake 4 yakashuka chini ya 3. Madogo wakaongoza kwa bao moja na kitu.

Hapo nilitaka kufunga jedwali. Lakini nilijua kuna uongo ndani yake, na haki ya msomaji ni kuambiwa. Mikwaju 40 ni kidogo sana. Kipa mwenye uwezo wa asilimia 70, ukimpigia mikwaju 40 leo na 40 kesho, tofauti ya asilimia 7 juu au chini ni jambo la kawaida kabisa, kwa bahati tu. Kwa mikwaju 60 hiyo ni zaidi ya mabao 4. Yaani bahati peke yake ilikuwa kubwa kama faida yote niliyoihesabu. Nilikuwa nabishana juu ya bao moja huku kipimo changu kikiyumba kwa mabao manne. Kompyuta haikukosea. Ilinijibu nilichouliza, na nilichouliza hakikuweza kujibiwa.

Nikampelekea mwalimu wa timu karatasi yote, na maelezo ya bahati, na michoro. Akaisoma pole pole, halafu akasema: "Kijana umemuuliza?"

"Kijana gani?"

"Huyo unayetaka kumpeleka Madogo."

Sikuwa nimemuuliza. Programu ilikuwa na mikwaju, mabao, mto na kibali. Haikuwa na sehemu ya kumuuliza mtu.

Jioni ile nilikwenda kwenye duka la mama yake karibu na soko. Alikuwa anapanga mitungi ya maziwa ya ngamia. Nilimweleza kwa uangalifu, nikamwambia ni kwa faida ya timu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Abti, Madogo mmeshaongea nao?"

"Tumeongea."

"Na kipa wao, ameambiwa?"

Nikapiga simu palepale. Hakuwa ameambiwa. Yule kijana akacheka, si kwa furaha.

"Mimi nafunga duka na mama kila magharibi. Nikicheza Madogo nitachelewa. Lakini si hilo tu. Mimi hakuna karatasi niliyotia sahihi. Nikitaka kwenda Madogo nitakwenda mwenyewe, hata leo. Nyinyi mnatoa kitu ambacho si chenu."

Nilirudi nyumbani kimya. Usiku nikarudia kusoma historia ya huo mchezo wa besiboli niliokuwa naukopa hesabu, na safari hii nikasoma sehemu niliyoiruka. Oktoba 1969 mchezaji wa St. Louis, Curt Flood, aliambiwa amebadilishwa na sasa ni wa Philadelphia. Alikuwa amechezea St. Louis miaka 12. Wakati huo klabu ilimshika mchezaji hata mkataba ukiisha, na ilimpeleka ilikotaka. Flood alikataa kwenda. Alifungua kesi, akakosa msimu mzima wa 1970, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Alirudi uwanjani mwaka 1971 kwa mechi 13 tu, akaacha. Desemba 1975 ndipo msuluhishi, Peter Seitz, alipoamua kwamba warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, wako huru. Mchezaji huru wa besiboli tunayemjua leo alizaliwa hapo.

Soka nalo lilimpata mtu wake. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alimaliza mkataba na Liège mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, klabu yake ikadai fedha ambazo zilizuia safari. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ilimpa haki. Wachezaji waliokuja baada yake walitajirika kwa haki hiyo. Yeye kipaji chake kilikwisha mahakamani.

Sasa nirudi kwenye hitilafu niliyowaahidi. Katika jedwali langu kulikuwa na safu ya gharama. Mbele ya mshambuliaji niliandika mabao 2. Mbele ya kila mchezaji huru niliandika 0.

Sisi watu wa programu ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili, na watetezi wa programu huria tangu Richard Stallman wamechoka kueleza kwamba hawazungumzii bei, wanazungumzia uhuru. Sisi tuna maneno mawili tayari, huru na bure. Wenzetu wa Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nakumbuka tulivyojivunia hapa na pale kwamba lugha yetu haihitaji maelezo hayo. Na mimi, mwenye maneno yote mawili mdomoni, nikaona neno huru kwenye orodha nikaandika sifuri.

Nikakaa nikaandika gharama upya. Kijana wa Hagadera: nauli ya kwenda na kurudi, sisi. Chakula na mahali pa kulala, sisi. Siku za kibali ambazo angezitumia kwa mpira badala ya kozi, yeye. Hatari ya kukwama njiani tarehe ikipita, yeye. Na kumbe katika watu wote wa jedwali lile, huyu niliyemwita huru ndiye aliyekuwa na uhuru mdogo kuliko wote. Mshambuliaji wetu, niliyemwita mali ya kubadilishana, ndiye aliyeweza kuondoka hata leo.

Nilimpigia simu nikamsomea orodha hiyo yote, na nikamwambia mechi zetu zisiguse siku za kozi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nitakuja nikiweza. Nikishindwa nitasema mapema." Madogo tuliwaambia hapana, kwa heshima, na tukawashauri waongee na kipa wao kwanza.

Alicheza mechi 7 kati ya 12. Katika hizo tulifungwa mabao 8. Katika 5 alizokosa tulifungwa 11. Msinipigie makofi. Mmeshasoma hapo juu kuhusu bahati, na mechi 7 hazithibitishi kitu. Inawezekana kabisa kwamba kipa wa Madogo angetupa kombe. Tulimaliza wa tatu. Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi, kibali chake kilianza Jumatatu, beki wetu akavaa glavu tena, tukapigwa 3 kwa 1.

Kuna wanaosema nilipoteza kombe kwa upole. Labda. Ila msimu huu nimebadilisha programu. Huwezi kuhifadhi pendekezo la kumbadilisha mchezaji kabla hujajaza tarehe uliyoongea naye. Na safu ya gharama haikubali sifuri. Ukiandika 0 inakuuliza: nani analipa? Ni mistari michache tu ya msimbo, nimeandika mingi zaidi kwa mambo madogo kuliko hayo.

Jumamosi ile baada ya mechi yule kijana alituma ujumbe kutoka Hagadera kuuliza matokeo. Nikamwandikia: 3-1, tumepigwa. Nilidhani atanipa pole. Jibu lake lilikuja baada ya dakika moja: "Ya tatu ilipita upande gani?"

Nikamwambia kulia, chini. Akaandika, "Hiyo ningeifika."

Haya ndugu zangu, nimesema mengi. Wewe ungechagua nani? Niambie, hasa kama umewahi kuwa kipa. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, inshallah.